Nililivunja Goti la Mjukuu Wangu kwa Ulimi

Mimi ni binti wa Athumani wa Bakari, mshona kofia, aliyezaliwa mtaa wa Kuze na akafia Kuze. Mama yangu ni Mwanaisha binti Shee, mzaliwa wa Siu, aliyeletwa Mombasa akiwa bibi harusi. Wazazi nawataja kwa kuwa maiti hafedheheki. Jina langu nalisitiri, maana mimi bado naenda sokoni kununua samaki.

Kosa nimelitenda mwenyewe. Sikulazimishwa na mtu, wala shetani sitamsingizia. Siku ile nadhani alikuwa na shughuli kwengine.

Shule sikuipata. Anayeandika haya ni mjukuu wangu, naye ndiye huyo huyo niliyemkosea. Nimemtaka yeye kwa sababu nyumba hii haina mwengine mwenye kushika kalamu, na kwa sababu si haki kuiungamia dunia nzima kosa ulilomtendea mtu, naye mwenyewe akaja kulisoma gazetini pamoja na muuza mbatata. Nimemwamuru aandike nisemavyo, asipunguze makali, asinitetee. Amesema hakuwa na nia ya kunitetea.

Binti huyu, ambaye hapa nitamwita Mwana, ni mchezaji wa tenisi. Wasioujua mchezo huo nitawaeleza. Watu wawili husimama kwenye jua kali, kati yao pana wavu, wakarudishiana mpira ambao hakuna anayeutaka. Hesabu huanza kumi na tano, ikaenda thelathini, kisha arubaini. Nilipouliza zile tano zimeliwa na nani, hakuna aliyenijibu, nikafahamu kuwa ni mchezo wa wakubwa.

Mama yake alitangulia mbele ya haki Mwana akiwa mdogo. Baba yake, ambaye ni mwanangu, ni baharia wa meli za mizigo. Huja nyumbani kama mgeni na huondoka kabla hatujamzoea. Mimi ndiye niliyemlea Mwana. Alianza kwa kuupiga mpira kwenye ukuta wa skuli kule Tononoka, mpaka mwalimu mkuu akalalamika kuwa rangi ya ukuta yabanduka. Kocha wa klabu moja ya upande wa Mbaraki alimwona, akamchukua, na tangu hapo mtoto akawa yuwashinda. Alishinda wa kisiwani, akashinda wa bara, akashinda wasichana waliomzidi umri na kimo.

Nami kila alipozidi kushinda, nilizidi kuogopa.

Sisi watu wa Kuze tuna adabu yetu. Mtoto mzuri hasifiwi. Mama yangu aliniita kinyago mpaka siku niliyoolewa, na aliniita hivyo kwa mapenzi, ili jicho la hasidi lipite lisinione. Mwenye mtoto hodari humwita mzembe, na kila asikiaye hufasiri mwenyewe. Bi Zeyana, jirani yangu wa mlango kwa mlango, aliponiambia kwamba mjukuu wake hata jina lake hajui kuliandika, niliingia ndani nikamwambia Mwana kuwa yule kijana amepasi mtihani kwa alama za juu. Na ilikuwa kweli.

Kila jioni tulikaa barazani tukacheza mchezo wetu, usio na mwamuzi.

"Wako yuwaendeleaje?" huniuliza Bi Zeyana.

"Wangu kazi yake ni kuungua jua. Wako je?"

"Wangu mvivu, hata kitanda hatandiki."

"Afadhali wako alala kitandani. Wangu alala na raketi."

"Maskini, pole mama," husema yeye, nami najua keshafahamu. Mwana ameshinda tena.

Vikombe alivyoleta nilivifukia ndani ya pipa la unga. Raketi zake nilizifukiza ubani na mvuje kila alipokwenda kucheza, na mvuje una harufu ya kumtoa jini kisimani. Siku moja mpinzani wake alimwita mwamuzi katikati ya mchezo, akauliza kama kuna kitu kimekufa hapo karibu. Mwana alishinda siku hiyo. Sifa zote niliupa mvuje. Yeye sikumpa hata moja.

Basi akaja mgeni.

Kocha alikuwa amemweleza Mwana kwamba kuna mtu atakayekuja kutoka bara, anayechagua msichana mmoja wa kupelekwa ng'ambo kwenye chuo cha tenisi, asome na acheze, agharimiwe kila kitu. Mtu huyo michezo ya Mwana alikwisha kuiona na alimpenda. Lililobaki lilikuwa kuzungumza na mlezi. Asubuhi ya siku hiyo Mwana alinipa mkono akaniambia, "Bibi, akija mwambie kweli tu. Hilo latosha."

Alikuja baada ya alasiri, Mwana yuko mazoezini. Alikuwa mtu wa makamo, Mkristo wa bara, mpole, akavua viatu mlangoni bila ya kuambiwa. Nilimpenda. Kinywa nilikwisha kukifungua nimwambie kweli.

Lakini Bi Zeyana alikuwa ndani. Alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, na alipomwona mgeni, nazi akaisahau. Alikaa mkekani, akakusanya buibui lake, akakaza macho. Na macho ya Bi Zeyana niliyahofu miaka yote ya ujirani wetu. Nilikuwa na kuku. Alimsifu asubuhi, akafa jioni.

"Mama," akaanza mgeni, "nimemwona binti akicheza. Naona ana kipaji kikubwa."

"Nani, huyu wetu? Labda umemwona mwengine."

"Ana bidii?"

"Ya kula."

Akatabasamu. "Na afya yake je? Huko mazoezi ni magumu."

Nilimwona Bi Zeyana anasogea mbele, nikatafuta neno la kumfunga macho kabisa. "Goti lake bovu," nikasema.

Tabasamu likamfutika mgeni. "Goti gani, mama?"

"Yote mawili."

"Aliumia lini?"

"Kazaliwa nayo."

Hapo Bi Zeyana akadakia. "Tena lau ingekuwa ni magoti tu. Hulala mpaka adhuhuri, na akisemeshwa hasikii. Mimi ni jirani, nayaona."

"Lakini michezo yote alishinda," mgeni akasema, kama mtu anayetuomba.

"Wenziwe walikuwa na homa," nikamjibu.

Alikunywa kahawa, akaacha kaimati, akatushukuru kwa ukweli wetu. Alipotoka aliniinamia kwa huruma, kama aliyekuja matangani. Nami nilifurahi, nikajiambia: leo umemlinda mtoto.

Nafasi ile alipewa msichana mwengine, ambaye Mwana amemshinda kila walipokutana. Nasikia nyanya yake alimsifu mbele ya mgeni mpaka akakosa pumzi, kisha akasimama akamwimbia. Bibi yule hana adabu kabisa, na mjukuu wake yuko ng'ambo.

Mwana alipewa khabari na kocha. Alirudi nyumbani, hakulia. Aliketi mbele yangu.

"Bibi, goti langu lina nini?"

"Halina kitu."

"Basi mbona Kenya nzima yajua ni bovu?"

Nikamweleza yote: hasidi, kijicho, mama yangu, kinyago, kuku. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa nimemlea vyema. Kisha akasema, "Nimewashinda wote uwanjani, Bibi. Nikaja kushindwa sebuleni kwetu, na mwenyewe sikuwapo."

Nilitaka kutengeneza. Kwanza nilikwenda kwa Bi Zeyana kumgombeza, maana kugombeza mtu mwengine hupunguza uzito. Nilimuuliza ni husuda gani iliyomfanya amwongezee mtoto wangu kasoro. Alinitazama kama niliyemtukania wazazi.

"Husuda?" akasema. "Mimi nilikuona wahangaika peke yako na yule mgeni, nikasema nami nitie mkono. Yule si mtoto wangu? Nani alimkanda miguu akirudi mazoezini weye ukiwa wauguwa? Nilimlinda, ndugu yangu. Nilidhani twamlinda sote."

Miaka yote ile nimemficha mtoto na macho yaliyokuwa yakimpenda.

Kisha nikamwomba kocha anipigie simu kwa yule mgeni. "Baba," nikamwambia, "yale niliyokueleza yalikuwa adabu. Hayakuwa khabari."

Akajibu, "Mama, mimi nilikuja kutafuta khabari."

"Basi zichukue sasa. Mtoto huamka kabla ya alfajiri. Magoti yake ni ya chuma."

"Nafasi imekwisha kujaa, mama. Hata kama isingejaa, leo ningejuaje lipi ni adabu na lipi ni khabari?"

Nikamrudishia kocha simu yake.

Mwana hakuacha mchezo. Njia ambayo angeipanda kwa ngazi, yuwaipanda kwa kucha. Husafiri mwenyewe, hufua nguo zake mwenyewe, hucheza na wasichana wenye makocha wao wawili wawili ilhali kocha wake yuko Mbaraki akifundisha watoto. Amekwenda Kigali, amekwenda mpaka Tunis. Watu wa mpira huo wanasema jina lake litasikika.

Kwangu jina hilo husikika mwisho. Aliporudi safari ya kwanza nilimuuliza, "Vipi huko?" Akanijibu, "Nimeshindwa, Bibi." Nikampikia uji, nikampa pole siku nzima. Jioni Bi Zeyana akaja na simu yake, na ndani ya simu Mwana amekumbatia kikombe kikubwa kama mtoto mchanga.

Nikamgeukia Mwana. Alikuwa akimenya vitunguu thomu. "Mbona waniambia umeshindwa?"

"Adabu, Bibi," akasema, na hakuinua kichwa.

Safari iliyofuata alirudi akasema tena, "Nimeshindwa." Nilicheka. Nikamkonyeza, nikamwambia hongera, nikamwita Bi Zeyana tushangilie. Mwana aliingia chumbani akafunga mlango. Bi Zeyana alitafuta ndani ya simu, akatafuta tena, kisha akaizima. Mtoto alikuwa ameshindwa kweli, tena vibaya, na mimi nilimpigia vigelegele mlangoni kwake.

Hiyo ndiyo gharama ya kosa langu. Nafasi ya ng'ambo ilipotea siku moja. Neno la mtoto wangu limepotea siku zote. Akisema ameshinda, akisema ameshindwa, mimi nimo gizani, na giza hilo nililisuka mwenyewe.

Kwa hivyo enyi mlio na watoto wenye vipaji, iwe ni mpira, iwe ni hesabu, iwe ni kushona, nawaonya. Dini imetupa neno moja la kumkinga mtoto, nalo ni Mashaallah. Mimi nililiona jepesi, nikaongeza uongo ili lipate uzito. Wageni hawafasiri. Mgeni akiambiwa goti bovu, huona goti bovu. Na mtoto naye, hata akijua kuwa mwafanya mchezo, kuna pahali ndani yake panaposikia lile neno kama lilivyo. Hili la mwisho amelisema Mwana sasa hivi, akiandika, nami nimemwambia aliache libaki.

Wiki ijayo kuna mgeni mwengine atakayekuja. Ni mwanamke, na yeye pia yuwataka kuzungumza na mlezi. Bi Zeyana nimemkaribisha mapema, aketi karibu nami, na tumekwisha kuafikiana: nikiteleza nikataja kasoro, anifinye. Nimejizoeza kusema sifa nikiwa peke yangu jikoni. Ulimi wangu ni mzito kama wa aliyeng'olewa jino, lakini jana nilifika mpaka "ni hodari kuliko wote" bila ya kugonga mbao kukinga kijicho.

Sasa nawe mjukuu wangu, sikiliza la kuhifadhi. Heshima kwa wakubwa ihifadhi. Sala zako zihifadhi. Ubani wafaa, nyumba hunukia, mvuje utupe. Hofu yangu usiirithi, mimi mwenyewe niliirithi na sikuwahi kuuliza ni ya nini. Maneno niliyokuita mbele za watu usiyaweke hata moja, na hili moja liandike kwa herufi kubwa, mkono usisite: WEWE NI HODARI, MASHAALLAH, NA MIMI NAJIVUNIA WEWE.

Nimekwambia usisite.

Karatasi hii wapelekee wenyewe gazeti. Lakini kwanza weka kalamu chini, nitazame, unambie la juzi huko bara: ulishinda au ulishindwa? Jawabu usiliandike. Hilo si la wasomaji.