Namba Iliyopanda

Bado namkasirikia kaka yangu, na simwombi mtu ruhusa.

Mama alikuwa amebadilishiwa vali ya moyo. Miezi mitatu baadaye daktari akaagiza damu yake ipimwe, kwa sababu moyo ukilemewa humwaga kemikali fulani kwenye damu, nayo hupimika. Hayo nayajua leo. Siku ile tulijua tu ni kipimo cha moyo. Tulitoka Elburgon asubuhi, mama akatolewa damu kwenye maabara moja mjini Nakuru, na baada ya siku mbili kaka akaenda kuchukua majibu. Binti wa kaunta alimpa bahasha, akamwambia ampelekee daktari siku ya kliniki, wiki mbili mbele. Basi. Hata huyo binti nimemkasirikia.

Kaka hakungoja. Kwetu karatasi za hospitali tunajua kuzisoma, au ndivyo tulivyojidanganya. Shangazi yetu alipoanza dawa za ukimwi, namba yake ya kinga, CD4, ilipopanda tulichinja kuku. Mama alipopungukiwa damu kabla ya upasuaji, namba ilipopanda tulishukuru. Kwa hivyo kaka alipoona mia nne ya kipimo cha baada ya upasuaji imekuwa elfu mbili, alihesabu baraka. Mstari wa chini, wenye kiwango cha kawaida, aliukunja pamoja na karatasi.

Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda, karatasi mkononi.

"Mathe alitoka theatre na mia nne. Sai ako elfu mbili! Moyo imepata nguvu mara tano! Bwana asifiwe!"

"Amen!"

Mama akaitwa mbele. Alitembea polepole akishika kila benchi, kina mama wakimwimbia. Tukadhani ni unyenyekevu.

Wiki hiyo akarudi shambani kuchimba viazi. Kaka akamshauri aache zile tembe za kutoa maji mwilini, eti mtu aliyepona hamezi dawa. Siku ya tisa baada ya ushuhuda miguu ilikuwa imefura hadi viatu vikakataa kuingia, na mama hakuweza kumaliza sentensi. Tukamkimbiza Nakuru.

Daktari aliisoma karatasi mara mbili. "Hii namba inafaa kushuka. Ikipanda hivi, moyo inazidiwa. Mbona hamkunipigia simu?"

Nilitaka kumzaba kaka kofi hapo hapo.

Siku ya tatu wodini, mama akiwa bado na mpira wa oksijeni puani, nilianza kumfokea kaka mbele yake. Nilimwita mjinga, nikamwita muuaji. Mama akainua mkono.

"Wacha ndugu yako. Mimi nilijua. Tangu kabla ya hiyo Jumapili nilikuwa nalala nimekaa. Nikilala chali, pumzi inaniisha."

"Na ukanyamaza, mama?"

"Ningesema nini? Karatasi ilipitia kwako, wewe mwalimu mzima, ukaisoma. Na kule kanisani nilikuwa nakuangalia. Ni wewe ulipiga makofi kuliko wote."