Nilimtukana Mama Mkwe Nikidhani ni Meneja

Nilimwita mama mkwe wangu mnyonyaji. Mbele ya kiwanda kizima.

Sikuwa nimelewa.

Mnanijua. Pale kiwanda cha sabuni mimi ndiye mdomo wa wapakiaji. Walipotukata malipo ya saa za ziada, niliwaka. Walipomfukuza yule dada wa mashine ya kukatia kwa sababu ya mimba, niliwaka. Sisahau, na kusamehe kwangu ni kwa kuchelewa.

Kwa hiyo meneja alipoleta madaktari watupime bure sukari, presha na macho, nikapanda juu ya kreti.

"Mtego huo! Wakishajua nani mgonjwa, wanamtupa nje. Asiingie mtu!"

Makofi hayo! Hakuingia mtu.

Nami nilijua nina sukari. Vidonge nameza nikikumbuka. Vidoa vyeusi vikielea mbele ya macho, nasema vumbi la sabuni. Haviumi, sasa ugonjwa uko wapi?

Juzi, wakati wa mapumziko, nikaona koti jeupe linaingia getini. Koti jeupe huvaa meneja peke yake. Nikapandisha sauti:

"Njoo, mnyonyaji! Umeshiba jasho letu, leo unataka na mifupa?"

Mtu akacheka kwa pua.

"Nimekuletea dawa zako, baba. Umezisahau tena mezani."

Mama mkwe. Na mtandio wake mweupe.

"Shikamoo, mama," nikasema, nimeelekea upande ambao hayupo.

Hapo hata aliyekuwa anacheka akanyamaza.

Fundi mitambo, rafiki yangu, akanishika mkono. "Kiongozi, twende hospitali ya macho."

"Si tulikubaliana asipime mtu?"

Akakohoa. "Kiongozi... sisi tulipima. Tulipitia mlango wa nyuma."

"Nani na nani?"

"Wote. Majibu kila mtu alipewa mkononi, meneja hakuyaona. Mimi nilikutwa na presha, nameza dawa. Yale makofi tulikupigia usijisikie vibaya."

Yaani mgomo wangu niliugoma peke yangu.

Hospitalini, daktari akanitia matone machoni, akachungulia. Mishipa midogo nyuma ya jicho ilikuwa inavuja damu.

"Tutatumia mwanga wa leza kulinda kilichobaki. Kilichopotea siwezi kuahidi. Na sukari inayoharibu mishipa hii haiuonei huruma moyo. Presha yako pia iko juu. Ukitoka hapa, wakupime moyo."

Nje, mama mkwe, aliyetufuata hadi hospitali, alikuwa bado amekaa kwenye benchi.

"Nisamehe, mama."

"Mnyonyaji amekusikia. Sasa nyoosha mkono, umeze hizi."

Nikameza, uso chini.

Meneja bado ni mnyonyaji, neno hilo silifuti. Ila kunipofusha hakunipofusha yeye. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Ndugu yangu mwenye sukari, kapime macho kila mwaka, hata kama unaona uzi ukiingia kwenye sindano. Presha na moyo pia. Usingoje maumivu, hayaji mapema.

Kesho napanda tena kwenye kreti, niwaambie wenzangu hivyo hivyo.

Mtu anishike mkono tu. Sioni vizuri lilipo.