Mbwa wa Kinyozi Maridadi

Kinyozi huyu mtaa mzima ulimwita Maridadi, na jina likamkaa. Koti lake jeupe halikukosa pasi, mashine zake zilifutwa kwa spiriti kila baada ya kichwa, na mteja akikohoa tu, dirisha linafunguliwa. Mkono wake wa kunyoa, tuseme kweli, ulikuwa wa kawaida. Watu walifuata usafi, naye alilijua hilo, ndiyo maana aliushikilia kufa na kupona.

Sasa mtu kama huyo alikuwa na mbwa. Bosi, ndilo jina la mbwa huyo, alilelewa tangu hajafumbua macho, akinyweshwa maziwa kwa kitambaa. Kila asubuhi alimsindikiza bwana wake dukani na kurudi zake nyumbani. Kisha akaanza kujikuna. Manyoya yakamtoka masikioni, yakafuata ya viwiko, ngozi ikawa nene na magamba. Mkewe Maridadi akasema mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo. Maridadi akaitikia, lakini kila siku hakukosa sababu ya kuahirisha. Ukweli ni kwamba aliona haya. Wateja wakijua kinyozi msafi anafuga mbwa mwenye upele, nani atampa kichwa chake? Akamfunga Bosi kamba uani, akanyamaza.

Jumamosi moja Bosi akaikata kamba. Duka limejaa, kitini kakaa muuza viatu wa jirani, mzee ambaye habari ikimwingia sikioni asubuhi, jioni mtaa mzima unayo. Povu liko kidevuni, mara mbwa huyo mlangoni, anatikisa mkia.

"Huyu mbwa wa nani?" muuza viatu akauliza.

"Simjui," Maridadi akasema bila hata kufikiri. "Wanazurura tu hawa."

Bosi kusikia sauti ile akaingia ndani mbio. Maridadi akashika ufagio. Pigo la kwanza lilikuwa la kutisha tu, la pili lilikuwa la kweli. Mbwa akatoka kimya, akakaa ng'ambo ya barabara akimtazama. Wateja wakamsifu Maridadi kwa kutovumilia uchafu, naye akarudi kwenye kidevu cha muuza viatu.

Jioni Bosi alikuwa amesharudi uani, lakini hakuja kumpokea. Mkewe, ambaye habari zilishamfikia, hakugomba.

"Baba watoto," alisema, "umemkana mbwa wako, na wanao wamesikia."

Maridadi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumatatu akafunga duka, akamviringisha Bosi kwenye gunia, akapita vichochoro vya nyuma. Hata siku hiyo ya kutengeneza mambo, bado alijificha. Na kwenye benchi la zahanati ya mifugo akamkuta nani? Muuza viatu, kampakata paka wake. Maridadi nusura ageuze njia, lakini Bosi alikuwa ameshatoa kichwa kwenye gunia.

Daktari, mwanamke asiye na maneno mengi, akachungulia mlangoni.

"Huyu mbwa wa nani?"

Muuza viatu akainua macho.

"Wangu," Maridadi akasema. Uso ulimwaka kama aliyepigwa kofi. Mzee yule akavuta miguu kuwapisha.

Wakaingia, mlango ukabaki wazi. Daktari akakwangua ukingo wa sikio kwa wembe, akayatazama magamba kwenye hadubini. Akaeleza kwamba ni vijidudu vinavyochimba ngozi na kutaga mayai humo. Atachomwa sindano leo na nyingine baadaye, aogeshwe dawa, na gunia analolalia lichomwe moto. Atapona kabisa. Maridadi akauliza, kwa sauti ndogo, kama ni uchafu wake yeye. Daktari akasema hapana, hata mbwa anayeoshwa kila siku huambukizwa na mwenzake. Kumbe alikuwa amemkana Bosi kwa aibu ambayo haikuwepo. Iliyopo sasa alijitengenezea mwenyewe.

"Mshike kichwa nimchome," daktari akasema.

Maridadi akainua mkono. Bosi akajikunja hadi sakafuni, akafumba macho.

"Amewahi kupigwa huyu?"

Muuza viatu alikuwa anasikia kila kitu pale kwenye benchi.

"Ndiyo," Maridadi akasema. "Nilimpiga mimi."

Daktari akamwambia asimtokee kwa juu. Maridadi akapiga magoti na koti lake jeupe, akaweka kiganja wazi chini, akamwita Bosi kwa jina. Mbwa akakinusa kidogo, kisha akageuza uso ukutani.