Nilivyoshindwa na mkwe kwa rangi ya kung'aa

Leo nimeumbuka mbele ya mkwe wangu!

Marehemu mume wangu aliacha kabati la gemu la miaka ya sabini, lile la kuchezea mpira kwenye kioo, alilinunua kwenye baa Iringa. Mkwe, fundi seremala, kalifufua ili wajukuu wacheze. Ilibaki rangi tu.

Kwetu mama mkwe habishani na mkwe uso kwa uso. Tukabishana kupitia binti yangu Sekela, kakaa katikati kama waya wa simu.

"Mwambie mumeo nataka nyeusi ya kung'aa. Kilichofifia humu ndani natosha mimi!"

"Mwambie mama, karibu na kioo inafaa isiyong'aa."

Nikashinda. Si mimi ndiye mama mkwe?

Leo asubuhi tumeliwasha, wajukuu wamejaa. Jua la hapa kwetu Rujewa likaingia mlangoni, likapiga kwenye rangi yangu, mng'ao ukajaa kwenye kioo. Mpira wa gemu hauonekani! Wajukuu wanafumba macho tu.

Mkwe anatazama dari.

"Sekela, mwambie mumeo alete msasa, aikwangue."

"Mwambie mama, ninao mfukoni tangu jana."

Jamani! Nimemchinjia jogoo. Huyu simrudishi kwao.

Nani mwingine kashindwa na mkwe? Semeni, nisichekwe peke yangu.