Kundi la Ubaoni

Wanafunzi walimwita mdogo wangu Mama Ufa, naye alilipenda jina hilo kuliko lile la Daktari lililomla ujana wake wote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanafunzi wake wakaongeza kwamba Mama Ufa hazibi wala hajengi, yeye anautafuta tu. Hawakukosea. Nilimlea mimi, maana mama alitutoka yeye akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu, na tangu utotoni alikuwa hivyo hivyo: umpe kitu kizima, akurudishie vipande na maelezo. Kiti changu cha cherehani alikivunja nikamchapa, akalia akamaliza, kisha akanishika mkono kunionyesha kilianzia kuvunjika wapi.

Akaja kuwa mwalimu wa uhandisi wa majengo chuo kikuu. Siku moja alinialika nikamwone kazini, nikavaa gauni la kuendea harusi za watu nikidhani nitaketi ukumbini. Akanipeleka karakana, vumbi la saruji hadi kwenye kope. Katikati kulikuwa na boriti ya zege imelazwa kwenye mashine, na kila mwanafunzi alipewa chaki achore mstari pale anapodhani ufa utaanzia, na jina lake pembeni. Mashine ikaanza kukandamiza polepole. Zege lilipolia na ufa ukajitokeza, waliopatia walishangilia kidogo, na waliokosea ndio walioitwa mbele waeleze walikuwa wakifikiri nini. Ndiyo ilikuwa sheria yake: aliyekosea ndiye anayefundisha. Hakuna aliyechekwa. Kijana mmoja alilieleza kosa lake vizuri sana hata mimi, niliyeacha shule mapema kwa ajili ya cherehani, nikaelewa na kupiga makofi na wenzake.

Kwa ajili ya saa zile mdogo wangu angekosa hata kula. Hakuolewa, alisema mume angemwita nyumbani wakati zege halijakauka. Jumapili ndipo alipokuja kwangu, na kitinda mimba wangu, binti yangu wa pekee, akawa mtoto wake pia. Alimsuka, alimnunulia viatu vya shule, wakakaa mezani wakifungua redio zangu nzima na kuzifunga zikiwa mbovu. Binti alipopata nafasi kwenye chuo kile kile, kwa masomo yale yale, mama yake mdogo alilia kwa furaha kunishinda. Nikamwambia, "Nimekukabidhi. Akirudi ana jeraha nitakuuliza wewe." Tulicheka sote watatu.

Mwaka huo idara ilipata mkuu mpya. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke, maana nilishamtukana vya kutosha moyoni na haikunisaidia. Alisema karakana inakula saruji, umeme na muda, wakati mwalimu mwenye ukumbi na ubao anamaliza mada zile zile upesi zaidi. Mdogo wangu akamwambia wanaojifunza karakanani wanaelewa zaidi. Mkuu akamjibu neno moja: thibitisha. Asipothibitisha, karakana inafungwa.

Basi akafanya utafiti, kama wanavyofanya wasomi. Darasa likagawanywa kwa kura. Kundi moja lijifunze karakanani, jingine lijifunze ukumbini kwa ubao na maelezo, na wote wafanye mtihani mmoja. Wanafunzi walielezwa wakakubali, na wale wa ubaoni wakaahidiwa kwamba muhula unaofuata nao wataingia karakana. Kura zilikunjwa zikatiwa kwenye kopo tupu la rangi, zikachomolewa mbele ya kila mtu. Binti yangu akachomoa ubao.

Mimi sikujua uzito wake. Niliujua Jumapili moja katikati ya muhula, binti alipokuja amekonda na macho mekundu. Hakuingia hata jikoni kunisalimu. Alikwenda moja kwa moja mezani alipoketi mama yake mdogo.

"Mama mdogo, naomba niingie karakana. Nisimame mlangoni tu. Sitashika kitu."

"Siwezi, mwanangu."

"Nimekariri yote unayoandika ubaoni. Ukiniuliza sasa hivi nitakutajia. Lakini sikioni hicho kitu. Nikifumba macho naona chaki."

"Nikikuingiza wewe nimeharibu kila kitu. Watasema nimependelea, na itakuwa kweli. Karakana itafungwa, na wote wanaokuja nyuma yenu watakuwa wanaona chaki."

"Basi nieleze hapa. Nani atajua?"

Mdogo wangu aliweka kijiko chini. "Mimi nitajua. Kukueleza hapa na kukuingiza kule ni kitu kile kile."

Nikashindwa kuvumilia. "Huyo ni mwanao," nilimwambia, "siyo panya wa maabara."

"Dada, wote walio ukumbini ni watoto wa watu."

Angekuwa ameniambia uongo ningemfukuza nyumbani kwangu siku ile, na labda leo tungekuwa na cha kusameheana. Binti alichukua mkoba wake akarudi chuoni bila kula.

Mtihani uliuliza habari za roshani, ile sakafu inayochomoza nje ya ukuta na mtu anasimama juu yake akitazama barabara. Nondo zake, vyuma vinavyolizuia zege lisipasuke pale linapovutwa, zikae juu au chini? Ubaoni walikuwa wamechora boriti baada ya boriti, zote zimeshikwa huku na huku, zote nondo chini. Roshani ilitajwa kwa sentensi mbili. Binti yangu akaweka nondo chini, kama alivyokariri, na hesabu zote zilizofuata zikajengwa juu ya kosa hilo. Wenzake wengi wa ubaoni walifanya vile vile. Wa karakanani walikuwa wameshavunja roshani kwa mikono yao, na karibu wote walipatia.

Alianguka. Mtihani wa marudio ulifanyika likizo, karakana ikiwa na kufuli, akaanguka tena. Kufikia hapo alikuwa ameshajikatia tamaa na masomo mengine yakayumba, chuo kikamwondoa. Mdogo wangu alikwenda kwa mkuu wa idara akaomba wote wa ubaoni walioanguka wapewe nafasi nyingine. Hakumtaja binti yetu. Angeona aibu kumwombea mmoja. Mkuu alimsikiliza kwa heshima, akamwambia walikubali wenyewe, na mtihani ni mtihani. Kisha akampongeza kwa utafiti. Karakana ilibaki, tena ikaongezewa mashine. Andiko lake likachapishwa, na walimu wa vyuo vingine wakawa wanakuja kutazama wanafunzi wakichora kwa chaki kwenye zege. Kila mtu alipata alichokitaka isipokuwa aliye nyumbani kwangu.

Nyumbani kwangu kulikuwa na msichana anayeamka, anakwenda kuuza kwenye duka la dawa, anarudi, analala. Nilimwambia aombe chuo kingine. Alinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenitajia saizi ya viatu: "Mama, kichwa changu hakikuumbwa kwa mambo yale. Bora nimelijua mapema." Nilikwenda chooni nikafungua maji nikalia. Mtoto aliyekuwa akivunja redio zangu akiwa hajafika kimo cha meza, leo ananiambia hana akili.

Mdogo wangu hakukanyaga kwangu muda mrefu. Kisha Jumapili moja akaja, amezeeka usoni, na mche wa sabuni ya kufulia mkononi, mkavu kama mfupa. Hakusalimia vizuri. Akaomba vikombe viwili, akavifudikiza mezani, akaulaza mche wa sabuni juu yake, akachukua chaki yangu ya kukatia nguo akampa binti. "Chora utakapoanzia ufa."

Nilidhani atairusha ile chaki. Aliishika muda, kisha akachora mstari katikati, upande wa chini. Mama yake mdogo akaminya. Sabuni ikapasuka kuanzia chini, pale pale. Akachukua kipande kirefu, akakilaza nusu yake mezani na nusu ikining'inia nje, akakishika kwa ndani. "Hii ndiyo roshani. Sasa nikiminya huku nje?"

Binti aliinama akaitazama sabuni, na uso wake ukabadilika. Nauita uso wa redio, nilikuwa sijauona tangu aende chuo. Akachora juu, karibu na ukingo wa meza. Ikaminywa, ikapasuka kuanzia juu.

"Juu ndiko kunakovutwa," alisema. "Kwa hiyo nondo juu."

"Ndiyo."

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu."

Akaokota kipande cha sabuni, akakigeuza pale kilipopasukia. "Kwa hiyo sikuwa mjinga," akasema.

"Hukuwa mjinga hata siku moja."

"Ulijua saa ngapi kwamba ubaoni hatutaelewa?"

Mdogo wangu hana kipaji cha uongo. Nilitamani kwa roho yangu yote angekuwa nacho, kwa dakika ile moja tu. "Nilijua kabla ya kura," alisema. "Nilikuwa najua miaka yote. Utafiti ulikuwa wa kumwonyesha mkuu."

Binti yangu alikusanya chembe za sabuni kwa kiganja, akazimwaga kwenye kopo la taka, akaifuta meza kwa kitambaa hadi ikakauka. Kisha akamgeukia yule aliyemsuka nywele tangu zilipoota.

"Asante, Mwalimu," akasema.

Hajamwita Mama mdogo tena. Jumapili anamwekea chakula, anamnawisha mikono, anamjibu kwa adabu kila anachoulizwa, na mdogo wangu anakula akiwa ameinamisha kichwa.