Unga Mtoni Chini ya Koni

Mgeni aliyetaka kuona kisiwa alielekezwa kwa Germain, karani wa kiwandani aliyekaa Kikula, mtaa wa mji wa Likasi. Jumapili baada ya misa aliwachukua mapadri, wahandisi na wake zao, akavuka nao mto Lufira chini ya maporomoko ya Koni, akawaonyesha korongo waliojaa mitini, wanawake wakisuka migono ya kutegea samaki, na ule mwamba ambao karibu yake hakuna anayethubutu kupiga mluzi. Alikipenda kisiwa kile kama wengine wanavyopenda timu ya mpira: bila faida, na kwa kelele nyingi.

Hakuna aliyekikanyaga kabla mvushaji, mzee Camille, hajamwaga unga wa mihogo majini na kumtaja anayekuja. Mgeni alitajwa mgeni. Akirudi alipewa samaki wa moshi aliyefungwa kwa jani, na ilimpasa aondoke kabla ya jua kuzama. Aliyetajwa mtoto wa mto hakupewa kitu, kwa kuwa hujichukulia mwenyewe, na aliweza kulala kule hata azeeke. Germain alitajwa mtoto tangu siku alipotumbukia majini na suti ya harusi ya kuazima. Ulianza kama mzaha, watu wakauzoea, ukawa kweli.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na mbili. Kiwanda kilikuwa kimenyamaza, na vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwaambia watu wa Kasai warudi kwao. Germain, mwana wa wazazi wa Kasai, alizaliwa papo hapo Likasi. Kasai aliijua kwa nyimbo za mama yake tu. Alimwacha mkewe, Bibiane, stesheni, juu ya godoro lao, katikati ya umati uliongojea treni.

"Camille akinitaja, ninarudia kukukamata tuende wote," alimwambia. "Tutalala kule mpaka hasira itapola."

"Na bale ndege yako batatupikia bukari ya muhogo?"

"Bibi, usicheke. Ule muzee ananiitaka mutoto."

"Sicheki," alisema Bibiane. "Enda."

Alikwenda kwa baiskeli. Camille alimpokea kwa sauti ile ile ya siku zote.

"Papa Germain! Leo bazungu bako wapi?"

"Niko peke yangu, muzee. Bibiane iko ku gare. Nataka nimulete, tulale kule kidogo."

Camille alimpakia mtumbwini, akapiga kasia. Karibu na kisiwa ndipo aliposema, "Batoto yangu bawili banatembeaka na bale bantu banafukuzaka ba Kasai."

"Miye niko mutoto wa hapa. Weye mwenyewe unasemaka."

"Ninasemaka, ee."

Mzee alichota unga. Mkono wake ulikaa juu ya maji muda mrefu, hata unga ukaanza kupeperuka kabla ya kumwagwa.

"Lufira," aliita kwa nguvu, kama desturi inavyotaka, ili wa ng'ambo wasikie. "Nakuletea mugeni."

"Muzee, unakosa."

"Hapana, papa. Sikose."

Neno lililomwagwa pamoja na unga haliokotwi. Germain alishuka. Émérence, msukaji wa migono, mwanamke aliyezoea kumtania kwa ajili ya kitambi chake, aliinuka, akapangusa kigoda kwa kanga.

"Karibu, papa," alisema. Akashika fito, akaanza kumweleza polepole jinsi mgono unavyosukwa, mdomo kwanza, kisha tumbo. Maelezo yale Germain aliyajua kwa moyo; ndiyo aliyowatafsiria wageni kwa Kifaransa. Alisikiliza mpaka mwisho. Alishukuru.

Jua lilipoanza kushuka, Camille alikuwa tayari mtumbwini. Germain alipanda.

Stesheni treni ilikuwa haijafika. Bibiane aliisikia harufu ya samaki wa moshi kabla hajamwona mumewe. Mara ngapi wageni wa Germain walipita nyumbani Kikula wakinukia hivyo hivyo? Alilitazama jani mkononi mwa mumewe, lililofungwa vizuri kwa kamba ya ukindu. Alisogea, akampa nafasi kwenye godoro.