Baba, Ngamia wa Akko na Mgongo Wangu

Kabla sijaugua nilikuwa mwanamke wa mbio. Nauza maziwa ya ngamia hapa Isiolo mjini. Maziwa huletwa asubuhi kwa pikapu kutoka Kulamawe, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kudandia nyuma na kushusha mitungi. Kila mtungi niliuonja, maziwa mabichi hivyo hivyo, nikijigamba kwamba ulimi wangu haudanganywi. Kumbe ulimi haukudanganywa, ila mwili ndio ulioumia.

Homa ilianza kwa ujanja. Jioni inanitetemesha, asubuhi imeondoka, nami naona aibu kulalamika. Nililowa jasho hadi godoro likanuka. Nikameza dawa za malaria za dukani, kisha za taifodi. Magoti yakavimba, mgongo ukashika. Mwisho nikawa napelekwa chooni nikiwa nimeshikiliwa, mimi mama wa watoto.

Baba ndiye aliyenipeleka hospitali. Baba yangu, Mwalimu Juma, alitoka Kondoa, Tanzania, akiwa kijana, akaja kufundisha shule ya msingi hapa, akaoa Mborana, akasahau kurudi. Nusu ya watu wazima wa mtaa wetu aliwafundisha hesabu. Alipostaafu wakamweka kwenye kamati ya amani, maana hakuna aliyeweza kumpigia kelele mwalimu wake. Naye kila aliyemzidi umri alimwamkia shikamoo, kama kwao Kondoa. Mtaa ulimcheka kwa hilo, na ulimpenda sana.

Daktari alinipima damu akasema, "Hii ni bruselosi, ugonjwa wa maziwa mabichi. Utameza dawa wiki nyingi, usiruke hata siku moja. Na ukiyarudia maziwa mabichi, mgongo huu unaweza kukataa kabisa."

Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu kwetu mgonjwa huletewa maziwa. Jirani yetu mzee, tuliyemwita Akko, yaani nyanya, alikuwa na ngamia wake mmoja mzuri, na kila siku alinitumia kibuyu. Baba alipofika Isiolo bila ndugu, Akko ndiye aliyempa maziwa ya kwanza na kumwita mwanangu. Na kwa Akko, maziwa ya ngamia hayaguswi na moto. Ukiyachemsha, ngamia anakauka maziwa.

"Tuyapokee, kisha tuyamwage," nikamnong'oneza Baba.

"Nimwage maziwa ya mama yangu? Bora nimwambie ukweli."

Akko alipoingia, uani mlikuwa na majirani tele waliokuja kuniona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgonjwa amekunywa?"

"Atakunywa, mama, ila nitayachemsha kwanza. Daktari amesema mabichi yatamlemaza."

Akko akaweka kibuyu chini. "Mwalimu, unataka kuua ngamia yangu? Miaka hii yote umekaa na sisi, kumbe bado wewe ni mgeni?"

Neno lile lilimchoma. Kisha akasema, "Ngamia wako akikauka, nitakupa mwingine."

Mama yangu akachungulia kutoka jikoni. "Utamtoa wapi? Wewe hata mbuzi huna!"

Watu walicheka, Baba hakucheka. Alileta jiko pale uani, akachemsha maziwa, akanywa kikombe cha kwanza, cha pili akanipa mimi.

Tangu siku hiyo mtaa ulikuwa na habari mbili: mgongo wa Rukia, ndiye mimi, na kiwele cha ngamia. Homa ikakata. Nikaweza kukaa, kisha nikatembea hadi mlangoni nikishika ukuta, Mama akipiga vigelegele. Nilikuwa bado nafurahia huo mlango wakati maziwa ya ngamia yalipopungua, yakapungua tena, yakaisha.

Akko alikuja polepole, bila hasira. "Mwalimu, imekauka."

Baba hakubisha. Alikuwa na kishamba chake cha vitunguu huko Rapsu, furaha yake yote ya uzeeni. "Nitakiuza," akaniambia.

"Baba, unajua vizuri si moto uliomkausha ngamia!"

"Najua. Lakini nilisema mbele ya watu, Rukia."

Nililia kuliko nilivyolia kwa mgongo.

Mnunuzi alikuwa ameshapatikana, ndipo mtoto wa Akko, mchunga ngamia, alipofika kutoka Kulamawe akamkagua ngamia wa mama yake. "Nani amesema imekauka? Ngamia iko na mimba! Dume ikikaribia, yeye anainua mkia, hiyo ndiyo dalili. Ikibeba mimba, si maziwa huisha?"

Akko alicheka hadi akakaa chini. Akaja kwetu akijifuta machozi kwa shuka. "Mwalimu, kaa na vitunguu yako." Ndama alipozaliwa walimwita Tanzania, na ni mkaidi ajabu.

Leo nashusha mitungi mwenyewe. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule. Wewe mwenye homa ya kuja na kuondoka, usijitibu dukani. Nenda ukapimwe damu, maliza dawa hata ukijisikia mzima, na maziwa chemsha.

Baba alituacha mwaka jana, usingizini, kwa uzee. Uani mlijaa watu waliotoka hata mbali kama Merti. Akko alifika na fimbo mkono mmoja na kibuyu mkono wa pili. Hakusalimia mtu, alipita moja kwa moja hadi jikoni, akamimina maziwa yake kwenye sufuria.

"Rukia, washa moto," akasema. "Watu wa mwanangu wasiugue."